Mtindi Hauna Rufaa

Mlango wa chumba cha Lalkumari Pun ulikuwa na kibao kimoja chenye nyuso mbili. Uso wa kwanza uliandikwa MAKAMU MWENYEKITI, wa pili KAMATI YA HAKI. Kila siku saa nane mchana Lalkumari aliinuka mwenyewe, akafungua mlango, akakigeuza kibao, kisha akarudi kuketi kwenye kiti kilekile alichokikalia tangu asubuhi. Watu wa Ratokhola walishajua: kabla ya saa nane unazungumza na serikali, baada ya saa nane unazungumza na hakimu. Waliojaribu kuchanganya walitolewa nje wasubiri kibao kigeuke, hata kama zimebaki dakika tano.

Ndivyo katiba ilivyopanga kwa kila halmashauri milimani, kwamba mwenyekiti aongoze serikali, makamu wake aongoze kamati ya haki, na baraza litunge sheria. Ratokhola ilikuwa maskini wa majengo, kwa hiyo wote watatu walikaa chini ya bati moja, wakatumia birika moja la chai. Hilo halikumshangaza mtu. Kilichowashangaza ni hakimu mwenyewe, mwanamke aliyeishia darasa la nane. Mwaka wa kwanza walimwita "hakimu wa darasa la nane", naye akawajibu kwamba kama wanashindwa kesi mbele ya darasa la nane, wamshukuru Mungu hakufika la kumi.

Tarehe nane ya Asar, mwezi wa kupanda mpunga, asubuhi, mama mmoja wa miaka sitini na kitu aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa Mansara Budha, mjane wa kitongoji cha bondeni, na kifuani alikumbatia chombo cha mbao kilichofunikwa kwa jani.

"Namaste, mwanangu. Nimekuletea mtindi. Nyati wangu wa maziwa amezaa."

"Namaste, mama. Pumzika kwanza. Umekuja kwa makamu au kwa hakimu?"

"Nimekuja kwako."

"Mimi wa asubuhi au mimi wa mchana?"

Mansara aligeuka akakitazama kibao mlangoni, kisha akamtazama Lalkumari kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. "Nimekuja kwa yule anayeweza kumwambia Dambar aondoe kifusi chake kwenye mfereji wangu."

"Huyo ni wa mchana."

"Basi mpe yeye huu mtindi."

"Huyo hali mtindi wa mtu mwenye shauri."

"Na huyu wa asubuhi?"

"Wanakula kwa mdomo mmoja, mama."

Mansara akacheka, kisha kicheko kikakatika akaeleza shida yake. Wiki tatu nyuma tingatinga la halmashauri lilikata barabara mpya juu ya shamba lake. Udongo wote na mawe yote yalisukumwa upande wa chini, yakauziba mfereji kwa urefu wa hatua arobaini. Maji yakapotelea korongoni. Miche yake ya mpunga ilikuwa imefikisha siku ishirini na tano kitaluni, na shamba la kuihamishia lilikuwa kavu, limepasukapasuka.

"Siku ya kumi na tano ya Asar watu wote watakuwa kwenye tope wakipanda," alisema. "Mimi nitakuwa na vumbi. Nikikosa mwaka huu, mwanangu, nitakula mchele wa dukani mpaka mwakani, na pesa za kuununua ninazitoa wapi?"

"Hukupata watu wa kukusaidia kuzibua?"

"Watu gani? Vijana wako Qatar, mwanangu mwenyewe yuko huko. Parma nayo inataka mgongo. Nani atakuja kwangu leo wakati anajua kesho sina nguvu za kwenda kwake?"

Parma ndiyo iliyolima milima ile tangu enzi za mababu: leo uje kwangu, kesho nije kwako, na mwenye shamba awalishe wanaokuja. Ndiyo maana mwezi wa Asar hakuna aliyegusa chakula cha mwenye shamba bila kufikiri. Ukishakula umejiandikisha, deni lako ni nusu siku ya kazi atakayoichagua yeye, na mtu aliyekula akaingia mitini alitajwa na wajukuu zake kwa aibu.

Lalkumari alimpeleka Mansara masijala, kwa karani Narhari Regmi. Narhari alikuwa mwembamba, msafi, na hakuamini kwamba jambo lolote limetokea duniani mpaka liandikwe kwenye daftari lake. Aliandika shauri namba thelathini na moja, akapiga mhuri, akaupuliza ukauke.

"Mlalamikiwa nani?"

"Dambar Rokka," Mansara alisema.

Kalamu ikasimama. "Mwenyekiti?"

"Kwani kuna Dambar mwingine mwenye tingatinga?"

Narhari akaandika, ila herufi zilikuwa ndogo kuliko za kawaida.

Mlalamikiwa mwenyewe alikuwa anapanda ngazi wakati huohuo. Dambar alikuwa mtu wa kitambi na masharubu, mwenye kucheka kwa sauti, na barabara ile aliipenda kama mtu anavyompenda kitindamimba wake. Lalkumari alimpenda pia, na hapo ndipo palipokuwa na tabu. Hawakuzaliwa tumbo moja, lakini mwaka wa kumi sasa kila sikukuu ya Tihar alimpaka rangi ya baraka kwenye paji la uso kama dada anavyompaka kaka yake, naye akampa zawadi na kumwahidi kumlinda.

Kutoka dirishani alimwona akimsimamisha Mansara.

"Mama! Umebeba nini hicho kinachonukia hivyo?"

"Mtindi. Umekataliwa huko juu."

"Nani mjinga amekataa mtindi?" Akaufunua, akaukoroga kwa kidole, akaupiga wote palepale amesimama. Akafuta masharubu kwa mkono, akamsifia nyati, akapita zake. Hakuuliza mama wa watu alikuja kufanya nini. Lalkumari alitikisa kichwa, akaona walau mtindi haukuharibika njiani.

Shauri lilisikilizwa tarehe kumi na moja, kwenye ukumbi wa chini, kwa kuwa chumba cha Lalkumari kisingewatosha waliokuja. Nusu ya Ratokhola ilikuwa imeacha vitalu vyake. Wajumbe wenzake kwenye kamati walikuwa wawili. Hasta, shemeji yake Dambar, aliugua tumbo asubuhi hiyohiyo. Wa pili, Bishnumaya fundi cherehani, alifika na utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni. Wawili walitosha akidi. Lalkumari aliteremka na kibao chake, akakisimamisha mezani, upande wa haki ukiwatazama watu.

Mlalamikiwa alikuwa na haki ya kupewa siku kumi na tano za kuandaa majibu. Dambar alizikataa kwa mbwembwe.

"Siku kumi na tano za nini? Mimi sina cha kuficha. Mnaitaka barabara au hamuitaki? Mgonjwa sasa anafika hospitali akiwa hai, au mmesahau tulivyokuwa tunawabeba kwenye matenga? Na kifusi lazima kiende mahali. Kingeruka angani?"

Watu wakacheka. Alikuwa na akili ya kuchekesha watu, na barabara kweli waliitaka.

"Mlalamikiwa," alisema Lalkumari, "hakuna aliyeishtaki barabara. Umeshtakiwa kwa kuziba mfereji."

"Dada, subiri kidogo. Wewe si makamu wangu? Tangu lini makamu akamhukumu mkubwa wake?"

"Soma hiki kibao."

"Kamati ya haki."

"Kuna neno makamu hapo?"

"Liko upande wa nyuma."

"Basi lipo nyuma, liache hukohuko. Karani, lete sheria ya mifereji."

Narhari akaleta jalada. Sheria hiyo ilipitishwa na baraza kwenye ukumbi huohuo, kipindi cha baridi. Lalkumari akasoma kifungu cha nne polepole, kwa sauti ya mtu aliyejifunza kusoma mbele za watu ukubwani: yeyote atakayechimba barabara na kuziba mfereji wa mkulima atauzibua yeye mwenyewe, kwa siku zisizozidi tatu.

"Sahihi hii ya chini ni ya nani?"

Dambar akasogea, akaitazama kana kwamba huenda ikabadilika. "Yangu."

"Na hoja ililetwa na nani barazani?"

Dambar akajishughulisha na masharubu yake. Bishnumaya akamsaidia. "Si wewe, mwenyekiti? Ile halmashauri jirani ilipoziba mfereji wako? Ulipiga meza mpaka glasi ikaanguka."

"Yale yalikuwa mambo mengine."

"Mambo mengine kwa sababu mfereji ulikuwa wako," sauti ilisema kutoka nyuma. "Mkuki kwa nguruwe!"

"Sheria ni msumeno, mwenyekiti," mwingine akadakia. "Unakata mbele na nyuma!"

Lalkumari na Bishnumaya wakanong'onezana kwa muda mfupi tu. Kisha akatoa uamuzi: kifusi kiondolewe ndani ya siku tatu, maji yarudi kwa Mansara Budha. Mansara akafumba macho na kukutanisha viganja. Narhari, ambaye hakupenda jambo libaki linaelea, akauliza nani atatekeleza.

"Sheria inasema nani?"

"Serikali ya halmashauri," alisema Narhari, macho kwenye daftari. "Chini ya mwenyekiti."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Dambar peke yake hakucheka. Masikio yalikuwa yamemwiva. Angeweza kuvumilia kushindwa, lakini kuchekwa ndani ya ukumbi wake mwenyewe kulimchoma. Akavaa kofia yake vizuri.

"Sawa. Mmefurahi? Na mimi naijua sheria. Nina siku thelathini na tano za kukata rufaa mahakama ya wilaya, na uamuzi hautekelezwi mpaka zipite. Nitakata. Haya, chekeni."

Hakuna aliyecheka. Mansara alifumbua macho akamtazama Lalkumari. "Siku thelathini na tano, mwanangu? Miche itakuwa nyasi. Anaruhusiwa?"

Lalkumari alitamani kusema hapana. Alitamani kitabu kile kiwe na ukurasa mmoja zaidi. Lakini alikuwa amekisoma chote mara tatu, kwa taa na kwa jua, na alijua kilichomo.

"Anaruhusiwa, mama. Ni haki yake, kama wewe ulivyokuwa na haki ya kumshtaki." Neno lilimtoka kwa shida, na moyo ulimuuma kuliko siku yoyote aliyowahi kukaa nyuma ya kibao kile. Akatangaza kikao kimefungwa. Narhari akaandika saa.

Watu wakaanza kuinuka. Mansara alikuwa anajikokota kuelekea mlangoni, na mkononi alikuwa na chombo chake cha mbao, kitupu, alichokuja nacho ili apitie kununua chumvi. Lalkumari alikitazama kile chombo. Kisha akakichukua kibao mezani, akakilaza kitini, akakikalia.

"Narhari, kikao kimefungwa kweli?"

"Saa tisa na robo, mheshimiwa. Imeandikwa."

"Basi hakimu ameondoka. Na makamu naye ameondoka. Hapa amebaki Lalkumari wa mzee Pun. Kaka Dambar, usitoke kwanza, nina swali la jirani. Tarehe nane, pale kwenye ngazi, ulikula nini?"

"Tarehe nane?" Dambar akakuna shingo. "Nilikula... mtindi."

"Wa nani?"

Dambar akapiga hatua moja kuelekea mlangoni.

"Mtindi wangu!" Mansara aligeuka mzimamzima. "Aliramba mpaka chombo!"

"Mwezi gani?" Lalkumari aliuliza.

Halikuwa swali la kujibiwa. Ukumbi mzima ulikuwa umeshaelewa, na watu waliokuwa nje wakaanza kurudi ndani wakisukumana.

"Amekula Asar!" "Cha mwenye shamba!" "Mla cha mwenzie na chake huliwa, mwenyekiti!"

"Nusu siku tu," Dambar alisema, amenyanyua mikono. "Sikatai. Nusu siku nitakuja kupanda. Mfereji ni jambo la mahakama."

"Upande wapi, kwenye vumbi?" Mansara alikuwa amemsogelea mpaka kwenye kitambi chake. "Kazi anachagua mwenye shamba. Mimi nimechagua mfereji."

"Na hii nayo nikaikatie rufaa wapi?"

Bishnumaya alikuwa anakunja utepe wake wa kupimia. "Mtindi hauna rufaa," alisema bila hata kuinua kichwa.

Dambar alitazama huku na huku akitafuta uso mmoja wa kumtetea. Hakuupata. Baba yake, marehemu Rokka, alikuwa ametembea siku nzima na homa ili alipe parma ya bakuli moja la mahindi ya kukaanga, na kila mtu mle ndani alikijua kisa hicho, maana Dambar mwenyewe ndiye aliyekihadithia kila alipoomba kura. Kitambi chake kikaanza kutikisika. Alijizuia, akashindwa, kicheko kikamtoka mpaka akashika ukuta.

"Mtindi wenyewe ulikuwa mtamu, jamani," alisema. "Walau ungekuwa mchachu!"

Kesho yake alfajiri alikwenda na jembe. Tingatinga lisingeweza kushuka pale bila kuvunja makonde ya watu, na dereva alikuwa amekwenda kwao kupanda. Dambar alichimba peke yake, akitoa jasho na kuhema, huku watu wakipita njiani kwenda kuchungulia na kurudi na habari. Saa sita nusu siku yake ilipokwisha, alikuwa amefungua hatua sita. Aliinua mgongo, akazitazama hatua thelathini na nne zilizobaki, akamtazama na Mansara aliyekuwa ameketi juu ya jiwe. Akatema mate viganjani akaendelea.

Hilo ndilo lililowashinda watu. Mwenyekiti kulipa parma ni haki, lakini mwenyekiti kupitiliza parma huku wewe umesimama unatazama, hapo aibu inahama. Mchana huo walikuja watu saba. Kesho yake walikuja ishirini, hata Hasta, ambaye tumbo lilikuwa limepona. Narhari alifika na sepetu mpya, suruali ameikunja sawasawa miguu yote miwili, akawa anahesabu hatua kwa sauti. Lalkumari peke yake alibaki juu barabarani. Hakimu hafukui shauri lake mwenyewe, aliwaambia, wakamcheka.

Tarehe kumi na tano, maji yalifika. Yalikuja ya matope kwanza, yakisukuma majani mbele yake, yakasita ukingoni mwa shamba la Mansara, kisha yakaingia. Mansara alisimama katikati na miguu mitupu, akayaacha yamfikie vifundoni. Alikuwa analia na kuwatukana wanaotazama kwa wakati mmoja. Haukupita muda, kondeni pakajaa watu, nyimbo zikaanza, na tope likarushwa kama linavyorushwa kila mwaka siku hiyo. Bishnumaya alimpata Dambar sawasawa kwenye kofia.

Lalkumari aliteremka mpaka kwenye tuta, na sari mpya ya kijani, viatu mkononi. Mansara akamjia na bakuli la mtindi na pepeta, chakula cha siku hiyo katika kila nyumba.

"Sasa kula. Kesi imekwisha."

Lalkumari alikuwa hajala tangu asubuhi, na mtindi ulikuwa mzito, una utando juu. "Bado, mama. Muda wa rufaa haujapita. Mpaka upite, wewe ni mwenye shauri."

"Siku thelathini na tano! Huu utakuwa umeota ndevu!"

"Ndiyo sheria."

"Basi sheria ife njaa," alisema Mansara kwa uchungu wa kweli.

"Ngojeni, ngojeni!" Dambar alikuwa anakuja akivuta miguu kwenye tope. Alipofika alivua kofia, na ndani ya kofia akatoa karatasi tatu zilizokunjwa. "Huyu Narhari wenu amenisimamisha dirishani asubuhi nzima. Soma."

Lalkumari akasoma palepale, amesimama. Ya kwanza ilitoka kwa Mwenyekiti kwenda kwa Dambar Rokka: unaagizwa kuzibua mfereji. Namba ya kutoka, namba ya kupokelewa, mihuri miwili. Ya pili ilitoka kwa Dambar Rokka kwenda kwa Mwenyekiti: nimezibua. Mihuri miwili.

"Nilimwambia huyo anayeandika na huyo anayeandikiwa ni mtu mmoja," Dambar alisema. "Akaniambia nizunguke nije upande wa pili wa dirisha."

"Ndio utaratibu," Narhari aliitikia kutoka kwenye tope.

Ya tatu ilikuwa fupi, kwa Kamati ya Haki. Mimi, mlalamikiwa katika shauri namba thelathini na moja, nimeridhika na uamuzi, na haki yangu ya kukata rufaa nimeiacha. Chini yake palikuwa na sahihi ileile iliyokuwa chini ya sheria ya mifereji, ila hii ilikuwa na alama ya kidole chenye tope.

Lalkumari aliisoma mara mbili. Kisha akaangalia kidogo pembeni, kuelekea barabarani. "Kaka," alisema, "Tihar hii nitakupaka rangi mpaka masikioni."

Dambar akajichekesha, akavaa kofia yake yenye tope.

Lalkumari akazikunja karatasi vizuri, akampa Narhari azirudishe kwenye jalada. Kisha akapokea bakuli kwa mikono miwili, akala. Alikula bila haraka, wote wakimtazama, akafuta bakuli kwa kidole mpaka likang'aa.

"Mtamu?" Mansara aliuliza.

"Mtamu mno, mama."

Mansara akalichukua bakuli lake, akalikagua ndani, akatabasamu na meno yote aliyobakiwa nayo.

"Mwezi gani huu, mwanangu?"

Kondeni kicheko kililipuka kutoka tuta hadi tuta. Lalkumari akaitazama sari yake mpya, akaitazama miche iliyokuwa ikimsubiri ukingoni. Akaviweka viatu chini, akaikunja sari mpaka magotini, akaingia.